UZI: Ile nyumba ya atomiki Njiro inapima nini hasa? Naanza na beji yangu mwenyewe

Dada wa Eksirei (mtoa mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Kwa miaka nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu ya maneno niliyoyasikia juzi kwenye kifodi nikitoka Njiro, kule Arusha, kwenda mjini. Kijana mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake geti la Tume ya Nguvu za Atomiki, anamwambia, "Hapo ndipo wanapofuga nyuklia." Mama aliyekaa siti ya nyuma yao akamvuta mwanawe karibu, kana kwamba ule ukuta unafuka moshi. Nikataka kusema neno, kituo changu kikawa kimefika.

Basi nalisema hapa. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, huu ni mwaka wa kumi na moja napiga eksirei katika hospitali moja mkoani Kilimanjaro. Sifanyi kazi Njiro wala sina ndugu pale. Ila kuna kitu changu kinachokwenda pale kila baada ya miezi mitatu, kinapimwa, majibu yanarudi na jina langu juu yake. Ni beji.

Umbo lake ni kama kiberiti kilichobanwa, plastiki tupu, ina kibanio cha kuning'iniza kifuani. Ukiifungua (usiifungue) utakuta vipande vidogo vya fuwele ya lithiamu floridi, kila kimoja kama ukucha wa kidole kidogo cha mtoto. Haina betri wala taa, na hailii. Mionzi ikipita, fuwele ile inanyakua sehemu ya nguvu yake na kuishika ndani. Inaishika wiki, inaishika miezi. Ikifika maabara wanaipasha moto, nayo inaachia ilichokishika kwa sura ya mwanga. Mwanga mwingi maana yake mionzi mingi. Hapo ndipo wanapojua mwili wangu umepokea kiasi gani.

Wagonjwa wananiuliza, "Dada, hiyo ndiyo inayokukinga?" Hata wenzangu wapya wanaotoka chuoni wanaivaa kwa moyo huo, kama hirizi. Beji haikingi kitu. Kinachonikinga ni ukuta, kioo chenye risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), aproni na kusimama mbali. Beji ni shahidi tu, na shahidi husimulia alichokiona pale alipokuwa. Mimi niliwahi kumweka shahidi wangu mahali pasipo. Nitasimulia, ngoja nimwogeshe mtoto.

---

Meku wa Kiboriloni

Nimekaa mkao wa kusoma. Dada, usitukimbie.

---

Kijana Sombetini

Swali kabla hujaendelea. Pale Njiro kuna kinu cha nyuklia au hakuna? Maana tumekua tukiambiwa kiko chini ya ardhi.

---

Dada wa Eksirei

Hakuna. Tanzania nzima haina kinu cha nyuklia, si cha umeme si cha utafiti. Pale kuna maabara, ofisi za udhibiti, na jengo la kuhifadhia vyanzo vya mionzi vilivyomaliza kazi hospitalini na viwandani.

Sasa kisa changu.

Barua za majibu ya beji huwa zinachosha kusoma. Jina, namba, na takwimu ndogo. Yangu siku zote ilikuwa chini ya milisiveti 0.3 kwa miezi mitatu (milisiveti ndiyo kipimo cha mionzi iliyopokewa na mwili). Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukihesabu miaka mitano. Mwananchi wa kawaida kiwango chake ni milisiveti 1 kwa mwaka, mbali na ile ya asili na ya matibabu. Kwa hiyo nilizoea kusaini barua bila hata kukaa.

Siku hiyo msimamizi wetu wa usalama wa mionzi aliniita ofisini akafunga mlango. Barua ilisema milisiveti 7 na ushei. Kwa miezi mitatu! Wenzangu wote walikuwa na namba zao za kawaida. Nilikuwa nanyonyesha wakati ule, mtoto ana miezi minane. Kitabu kilinifundisha kwamba mionzi ya eksirei haikai mwilini wala haiingii kwenye maziwa, mashine ikizimwa imekwisha, kama taa. Nalijua hilo. Usiku ule nililala nimempa mtoto mgongo, naogopa kumgusa.

Kesho yake msimamizi akauliza swali moja: "Beji yako huwa unaiweka wapi?"

Nikanyamaza. Sare mpya tulizopewa hazikuwa na mfuko wa juu. Nilikuwa naibana kwenye aproni ya risasi, na aproni naitundika kwenye msumari ndani ya chumba cha eksirei, ukutani nyuma ya stendi ya kifua. Ukipiga picha ya kifua, mwale unaelekea upande ule ule. Mimi nipo nyuma ya kioo na kikombe changu cha chai, shahidi wangu anapigwa mionzi ya wagonjwa arobaini kwa siku.

Kila mtu alishusha pumzi. Nikaandika maelezo, ikaisha. Lakini kwangu haikuisha, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Namba ile ya 7 haikuwa yangu. Basi yangu ilikuwa ngapi? Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua. Katika rekodi ya maisha yangu ya kazi kuna miezi mitatu isiyo na shahidi. Na nikawaza wale wanaoiacha beji kwenye droo ya meza. Barua zao zinarudi safi kila mara, hakuna anayewaita ofisini, na hakuna anayewafungia mlango na kuwauliza. Mimi angalau namba yangu ilipiga kelele. Droo haipigi kelele.

---

Mzee Sampuli

Wanangu, mjukuu wangu amenionyesha huu uzi. Nimefanya kazi ya maabara ya mionzi miaka mingi, sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wawili huku Usa River. Binti umeeleza vizuri. Niongeze kitu kimoja kuhusu beji.

Fuwele ile ikishapashwa moto ikatoa mwanga wake, imetoa. Huwezi kurudia. Mwanga wenyewe ni hafifu, jicho la mtu haliuoni, unanaswa na mrija maalumu unaoukuza mara nyingi sana. Inachukua sekunde chache tu. Miezi mitatu ya mtu inapita mbele yako kwa sekunde chache, mchoro unapanda kama mlima na kushuka, kisha fuwele imekuwa tupu, tayari kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana tulikuwa hatuzungumzi wakati wa kusoma beji. Ukikosea kupanga namba, umempa mtu maisha ya mwenzake.

Na kila kifurushi cha hospitali lazima kiwe na beji moja isiyovaliwa na mtu, iliyowekwa ofisini mbali na mashine. Hiyo inatuonyesha mionzi ya asili ya pale mlipo, ili tuitoe kwenye hesabu. Mionzi ya asili ipo kila mahali, katika mawe, katika hewa, na nyingine inatoka angani. Wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Wapagazi wanaopanda Kilimanjaro wanapokea ya angani zaidi yetu sisi wa bondeni, kwa kuwa juu hewa ya kuizuia ni chache. Nilikuwa naona beji hiyo ya ofisini ikitupwa kwenye droo la chumba cha eksirei pamoja na nyingine. Msifanye hivyo jamani.

---

Muuza Maharage Himo

Mzee shikamoo. Mimi nauza maharage nje. Kila mzigo nadaiwa cheti cha mionzi. Kusema ukweli nimepeleka sampuli miaka sita bila kuelewa. Maharage yangu yametoka shambani Rombo, atomiki wameyapatia wapi? Naomba nieleweshwe, si kwa ubaya.

---

Mzee Sampuli

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki.

Mwaka 1986 kinu cha Chernobyl kililipuka. Wingu lake lilipita juu ya nchi nyingi za Ulaya, mvua ikalishusha kwenye majani, ng'ombe wakala majani, maziwa yakawa na sesiamu-137, dutu yenye mionzi inayozalishwa ndani ya kinu. Maziwa yanakaushwa, yanakuwa unga, unga unapanda meli. Nchi ambazo hazina kinu hata kimoja zikajikuta na swali bandarini: hiki chakula ni salama? Sisi tulikuwa tayari na Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyoundwa kwa sheria ya 1983. Sheria ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta Tume ya Nguvu za Atomiki ya sasa. Chakula kinachoingia na kinachotoka kinapimwa. Mnunuzi wa ng'ambo hakujui wewe wala Rombo. Anaijua karatasi.

Sasa nikuambie maharage yako yanafanywa nini. Yanakaushwa, yanasagwa, yanapimwa uzito, yanajazwa kwenye chombo cha plastiki chenye tundu chini, kinachokaa juu ya kigunduzi kama kofia kichwani. Kigunduzi ni bonge la germaniamu safi sana. Tunalipoza kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sababu likiwa na joto linapiga kelele lenyewe na hutaisikia sampuli. Ukimimina ile naitrojeni inatoa ukungu mweupe unaotambaa sakafuni hadi kwenye viatu. Wageni walikuwa wanarudi nyuma, wanadhani ndiyo mionzi yenyewe. Ni ubaridi tu, ila ukikugusa unaunguza kama moto.

Kigunduzi na kofia yake vinakaa ndani ya ngome ya risasi, unene wa kama sentimita kumi, mfuniko wake tu unataka mikono miwili. Bila ngome, utapima ukuta, sakafu, udongo wetu wa volkano, hata mwili wa mpimaji. Funga mfuniko, anza kuhesabu, ondoka. Sampuli ya chakula inaweza kuhesabiwa saa nyingi, maana kilichomo ni kidogo, ni kama kukinga ndoo kwenye mvua ya rasharasha.

Kompyuta inachora mstari wenye vilele. Kila kinachotoa mionzi kina kilele chake, hakiazimi cha mwenzake. Sesiamu-137 inasimama kwenye 662. Potasiamu-40 inasimama kwenye 1,460. (Ni kiloelektronivolti, kipimo cha nguvu ya mionzi, lakini sisi tulizitaja namba peke yake, kama namba za nyumba.) Nakuapia, sijawahi kupima maharage nikakosa kilele cha 1,460. Potasiamu ni lishe ya mmea, na kijisehemu chake kidogo kimekuwa na mionzi tangu dunia inaumbwa. Ndizi zinayo, viazi vinayo, mimi na wewe tunayo. Hatuitafuti hiyo. Tunatazama namba 662, kama kuna mtu nyumbani. Viwango vya kimataifa vya biashara ya chakula baada ya ajali ya nyuklia vinaweka kikomo cha sesiamu kuwa bekereli 1,000 kwa kilo. Bekereli moja ni chembe moja inayovunjika kwa sekunde.

Miaka yote niliyokaa pale, maharage ya kwetu, 662 ilikuwa tambarare. Ningeweza kusema kazi ya bure? Siku isipokuwa tambarare, nitajuaje kama sikuwa nikiangalia?

---

Muuza Maharage Himo

Mzee, Mungu akuweke. Miaka sita nalipia karatasi, leo ndiyo nimeisoma.

---

Kijana Sombetini

Naheshimu mlichoandika, ila nina duku duku. Tuna urani Mto Mkuju kule Namtumbo. Tuna wasomi, tuna chuo cha Nelson Mandela hapo Tengeru. Umeme ukikatika mafundi wa welding huku kwetu wanakaa kijiweni. Kwa nini nguvu zetu zote ziishie kupima maharage na beji? Si tujenge kinu?

---

Mzee Sampuli

Mwanangu, sikupingi. Ghana walianza na kinu kidogo cha utafiti mwaka 1994, kilowati 30 tu. Kongo walikuwa nacho Kinshasa tangu 1959, cha kwanza Afrika. Afrika Kusini wanazalisha umeme Koeberg. Inawezekana. Lakini kinu kinahitaji watu wanaosoma namba ndogo bila kuzichakachua, siku baada ya siku, hata kama bosi ana haraka. Watu hao hawanunuliwi pamoja na mtambo. Wanalelewa kwenye chumba cha beji na chumba cha maharage.

---

Kijana Sombetini

Nimekuelewa mzee. Bado nataka kinu.

---

Daktari wa Ng'ombe Hai

Nami nichangie, maana watu wakisikia nyuklia wanawaza bomu au hospitali, wanasahau mifugo. Unguja ilisafishwa mbung'o kwa mionzi. Kwanza walipunguzwa kwa dawa za kuogesha na kupaka ng'ombe. Halafu, 1994 hadi 1997, mbung'o madume waliofugwa kwa mamilioni kule Tanga walipitishwa kwenye mionzi ya gama, wakawa hai na wenye nguvu ila hawazai, wakamwagwa juu ya kisiwa kwa ndege ndogo wiki hadi wiki. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likikutana na dume tasa, limekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996.

Nilisoma chuo na mzee wa Kizimkazi aliyeniambia kwao ng'ombe wa maziwa walikuwa ndoto. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliwamaliza. Nikienda Unguja nikaona friziani kafungwa kwenye mnazi, nasimama namtazama.

---

Kaka Chuma

Habarini. Nina yadi ndogo ya skrepa mtaa wa Unga Ltd. Nimesoma uzi wote tangu asubuhi na nimepata wasiwasi. Wiki iliyopita tulinunua lundo la vyuma vya kiwanda kilichobomolewa. Ndani yake kuna kitu kama chungu cha chuma, kimo chake kama cha ndoo ndogo, lakini vijana wawili hawakinyanyui vizuri. Kina kibao cha njano kimechakaa, nadhani kuna alama kama pangaboi, mapanga matatu. Tulipanga kukikata kesho kwa gesi tuone ndani kama ni risasi, maana risasi ina bei. Je, hicho ndicho mnachozungumzia?

---

Mzee Sampuli

Mwanangu, usikikate. Usikifungue, usikigonge, usikihamishe kwa gari lako. Watoe watu wote yadini, wakae mita 30 au zaidi. Aliyekishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Kisha pigia simu Tume sasa hivi, au nenda polisi wawaite wao. Eleza kama ulivyoeleza hapa. Usisubiri kesho. Ukisimama mita kumi, unapokea sehemu moja ya mia ya unayopokea ukisimama mita moja. Umbali haununuliwi, ondokeni tu.

Kizito kuliko umbo lake maana yake kina kinga ndani. Kinga haitengenezwi bila cha kukingwa.

---

Dada wa Eksirei

Kaka Chuma, fanya anachosema mzee, halafu ndipo usome hiki nilichoandika.

Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Hospitali ya mionzi ilihama, ikaacha mashine ya kutibu saratani kwenye jengo tupu. Vijana wawili wakaing'oa kichwa chake kwa ajili ya chuma, wakakitoboa, wakakiuza yadi ya skrepa. Ndani kulikuwa na unga wa sesiamu-137 uliokuwa unang'aa samawati gizani. Mwenye yadi aliupenda. Akaupeleka ndani, akawaita majirani na ndugu waje kuuona, akawagawia. Kuna waliojipaka mwilini kama poda ya sherehe. Mtoto wa kike wa miaka sita alikula kwa mikono iliyokuwa na unga ule.

Aliyeokoa mji ni mke wa yule mwenye skrepa. Aliona watu wa nyumbani wanaumwa pamoja, akakiunganisha na kile kitu, akakitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Watu zaidi ya laki moja walipimwa kwenye uwanja wa mpira. Waliokutwa na unga kwenye ngozi au ndani ya miili yao walikuwa 249. Wanne walikufa ndani ya wiki chache, mama huyo akiwa mmoja wao, na yule mtoto.

Hawakuwa wajinga. Hakuna mtu aliyekuwa amewaonyesha ile alama na kuwaambia maana yake. Mimi nafundishwa kuvaa beji na kupokea barua. Kijana anayekata chuma kwa gesi, bila shati, hana beji wala barua.

---

Meku wa Kiboriloni

Kaka Chuma tupe taarifa. Tafadhali.

---

Niko Field Moshi

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo chumba cha eksirei. Nina ujauzito wa wiki saba, sijamwambia mtu kazini. Naogopa wataniondoa. Beji nimepewa ila ni ya kifuani. Nifanyeje?

---

Dada wa Eksirei

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Mwambie msimamizi wako kesho asubuhi, kwa maandishi. Mpaka useme, kisheria wanamhesabu mtu mmoja. Ukishasema wanahesabu wawili, na mtoto anapewa kikomo chake: milisiveti 1 kwa muda wote wa ujauzito uliobaki. Omba beji ya pili ya kuvaa kiunoni, chini ya aproni, pale alipo yeye. Usishike wagonjwa wakati wa kupiga picha, usiende na mashine ya kusukuma wodini wala chumba cha upasuaji. Nyuma ya kioo unaweza kuendelea na mafunzo yako. Mimi nilifanya hivyo kwa mimba mbili na barua zilisoma karibu na sifuri, na zamu hiyo beji ilikuwa mwilini mwangu kweli. Nitumie ujumbe ukihitaji mtu wa kusema naye.

---

Kijana Sombetini

Na minara ya simu je? Kwetu umewekwa mmoja juu ya nyumba ya jirani.

---

Mzee Sampuli

Tume inapima na hiyo. Ila mawimbi ya mnara ni ya jamii nyingine, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei au gama. Yakizidi sana kazi yake ni kupasha joto. Mkiwa na shaka ombeni wakapime, wana mita za kazi hiyo. Na mita zenyewe zinapimwa kwanza. Pale Njiro kuna chumba ambacho kifaa cha kupimia kinawekwa mbele ya chanzo chenye nguvu inayojulikana, kwa umbali unaojulikana, tuone kama kinasema kweli. Mizani ya sokoni Mbuyuni bila muhuri wa vipimo utaiamini?

---

Kaka Chuma

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kuwaweka roho juu, siku mbili hizi zilikuwa ndefu.

Nilipiga simu usiku ule ule. Wataalamu walikuja mapema na gari, wakazungusha utepe. Mmoja akaanza kutembea kutoka getini, kifaa mkononi, hatua moja moja, anasoma namba kwa sauti na mwenzake anaandika. Mimi nilisimama barabarani na mama lishe na watu wa gereji ya jirani, hakuna aliyesema kitu. Alipokifikia hakukaa. Alisoma, akarudi.

Ni kipimo cha kiwandani. Chanzo kinawekwa upande mmoja wa tanki, kigunduzi upande wa pili, wanajua mzigo umefika wapi ndani bila kufungua. Ndani ni ile ile sesiamu yenu ya 662. Bahati ni kwamba kile kilango chake kilikuwa kimefungwa na kufuli limeshika kutu. Walifuta juu yake kwa vikaratasi, wakavipima kuona kama kinavuja. Hakivuji. Wakakipakia kwenye sanduku lao, kimekwenda kuhifadhiwa Njiro. Wanafuatilia kilitoka vipi kiwandani bila kibali.

Kuna kitu sikuwaambia mwanzo. Kijana wangu mdogo, wa miaka kumi na tisa, alikuwa anakikalia wakati wa chakula cha mchana. Siku tatu. Kilikuwa kimo kizuri cha kukalia. Walimkalisha kwenye kiti, wakamuuliza dakika ngapi kila siku, alikaa vipi, simu aliiweka wapi, kama shahidi mahakamani. Wakapiga hesabu kwa namba walizosoma juu ya kile chungu. Wakamwambia ni kiasi kidogo, hakitamdhuru, lakini wameandika jina lake na watamwita tena. Alipoachiwa alikuja akasimama karibu na mimi, mikono inatetemeka. Akaniuliza, "Bosi, tungekikata Jumatatu?" Nikamwambia ndiyo. Gesi ilikuwa imeshajazwa.

Jana nimenunua ubao, nimeupaka njano, nimechora pangaboi jeusi lenye mapanga matatu, nimeutundika getini kimo cha macho. Chini yake nimeandika: UKIONA ALAMA HII KWENYE CHUMA, USIKATE. NIITE KWANZA. HULIPISHWI, HUKAMATWI. Nimewapigia wenye yadi watano ninaowafahamu, watatu wamekubali nao waweke.

Naomba msaada wa mtu mmoja. Vijana wengi wanaoniletea mzigo wanatoka Monduli na Longido, Kiswahili cha kusoma kinawapa shida. Nani ananiandikia maneno hayo kwa Kimaa?

---

Daktari wa Ng'ombe Hai

Mke wangu ni wa Longido. Nipe hadi jioni.